Hodi ya Tatu

Tangu ndege ndogo ziache kuwa na rubani, hakuna inayotua kwenye kiwanja cha nyasi mpaka ikaribishwe kwa sauti ya mtunzaji wake. Hapa kijijini mtunzaji ni mimi. Ndege hupiga hodi kwenye kidude ninachovaa shingoni; sijui nani alizifundisha adabu hiyo. Nikishafukuza ng'ombe na kukagua nyasi, naijibu, "Karibu." Ikishakaribishwa, haigeuki tena.

Kwa hiyo nyumbani neno hilo nimeliacha. Wageni nawapa mkono tu, na majirani wamezoea.

Washenga waliokuja kumposa binti yangu Perpetua hawakujua.

"Hodi!" alisema mzee wao mlangoni, nami bado nanawa unga mikononi. Papo hapo shingoni: "Hodi, Mama Leokadia." Ilikuwa ndege ya zahanati, imebeba muuguzi na wagonjwa wawili, na mvua ya asubuhi ilikuwa imekifanya kiwanja tope tupu.

"Subiri," niliiambia.

Mlangoni wakanong'onezana. Ikaja hodi ya pili, kisha ya tatu, ya kinyonge. Watu wa heshima hawapigi ya nne. Nikasikia viatu vikigeuka.

Perpetua alinipita mbio, kanga ikimdondoka begani. Sauti yake ni yangu kabisa. Hata shangazi zake hutuchanganya kwenye simu.

"Karibuni, baba zangu! Karibuni sana!"

"Asante, Mama Leokadia," kidude kikajibu shingoni mwangu, na juu ya bati mngurumo ukaanza kushuka.