Doa la Kijani Bisil

Warfa alifungua mwenyewe geti la shamba lake, akawaita majirani walete ng'ombe wao waje kula mpaka washibe.

Majirani walidhani jua limemwingia kichwani. Ukame wa mwaka ule wa 2005 ulikuwa umemaliza malisho yote ya Bisil, isipokuwa nyasi za Warfa. Alikuwa amezizungushia ua misimu miwili na kuzilinda kwa rungu. Hata shemeji yake alishawahi kufukuzwa pale pamoja na mbuzi wake.

"Baba Nasteho, uko na homa?" mkewe Habibo aliuliza, akitazama ng'ombe wakimiminika ndani.

Warfa alimvuta kando. Kitonga, mwenye duka, alikuwa amesikia kwa chifu kwamba kuna watu wa ofisi fulani Nairobi wanaotazama majani kwa setilaiti. Katika picha yao, upande wote ule wa Kajiado ulikuwa wa kahawia, na doa moja tu la kijani: shamba la Warfa. Alhamisi wangekuja kuliona kwa macho.

"Hao ndio wanagawa nyasi za msaada," Warfa alinong'ona. "Wakikuta niko na kijani, watanikata jina."

"Kitonga alisema ni hao?"

"Sasa watakuwa nani wengine?"

Kufikia Alhamisi shamba lilikuwa tupu kama uwanja wa mpira. Warfa alilizunguka na jembe, akang'oa hata visiki vya nyasi ambavyo ng'ombe walikuwa wamevidharau.

Gari lilifika asubuhi. Akashuka afisa, akasema anaitwa Omolo. Alikuwa na picha mkononi. Aliitazama, akatazama shamba, kisha akaigeuza juu chini.

"Mzee, hapa hapakuwa na nyasi?"

"Nyasi?" Warfa aliinama, akateka vumbi, akaliacha lipeperuke. "Tangu mvua ipotee sijaona hata jani. Labda hiyo kamera yenu iliona mwavuli wa mtu."

"Na huu ua ni wa nini?"

"Wa kuzuia vumbi lisiende kwa jirani."

Omolo alishusha pumzi. Alionekana kuhuzunika kweli, na Warfa alipoiona huzuni ile akamkonyeza mkewe.

Omolo akatoa simu.

"Makokha, geuza lori, rudisha hiyo mashine ya kuchimba kisima. Yule mtu aliyetunza nyasi ukame wote huu, tumemkosa."