Kivuli cha Ngisi

Paka alimfuata Bi Mwajuma kutoka mtaa wa Chuno hadi mlangoni mwa darasa, na siku hiyo Bi Mwajuma hakuwa na samaki. Kikapu cha biashara alikiacha nyumbani. Alikuwa amekoga, amevaa khanga safi, ameshika karatasi moja tu iliyoviringishwa.

"Mfukuze paka wako," alisema Mwalimu Erasto.

"Si wangu. Barabara ni ya wote."

Wanafunzi, wote watu wazima, walicheka. Mwalimu akamfungia paka nje.

Mwaka ule wa sabini na mbili serikali ilikuwa imesema wakubwa nao wasome. Erasto, kijana kutoka Iringa, aliwafundisha kuchora vitu vya asili: jani la mkandaa, bibo, kome. Kwanza ukingo, kwa mstari mmoja, jicho likitambaa juu ya kitu na kalamu ikilifuata bila kuinuliwa. Kisha wino uliozimuliwa kwa maji: mzito penye giza, mwepesi penye mwanga. Wino ulikuwa chupa moja, na Mtwara nzima usingepata nyingine. Kifuniko chake alikifanya kisahani cha kuchovea. Chupa yenyewe ilikaa wazi dirishani, juani.

Bi Mwajuma hakupewa.

"Mikono ya kuparua samaki itaumwaga," mwalimu alikuwa amemwambia wiki iliyopita. "Wewe penseli inakutosha."

"Penseli haina kivuli, ina vumbi."

"Basi kaa na vumbi lako."

Leo aliikunjua karatasi yake mezani. Ngisi mzima, na mikono yake yote. Mstari haukukatika popote. Chini ya tumbo kivuli cha wino, cheusi, kikififia hadi kikawa kahawia, kisha karatasi tupu.

Felista, karani wa bandarini, alisogea. "Mama wee! Kama yu hai."

"Usimkaribie," alisema Mohamedi. "Huyo ukimshika vibaya anakutemea weusi wake gaunini."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikwenda dirishani, akainua chupa. Wino ulikuwa umebaki kwenye kitako tu, mzito kama uji.

"Umeiba."

Kila mtu alijua neno hilo likifika sokoni, Bi Mwajuma hatauza tena hata dagaa.

"Sikuiba."

"Omba radhi mbele ya wenzako, yaishe. Hutaki, toka, na sokoni nitawaeleza kwa nini umetoka."

"Radhi ya nini? Nimeacha biashara yangu nije kusoma, mwalimu. Siombi na sitoki."

"Basi wino umeupata wapi? Chupa ni hii moja!"

Bi Mwajuma alivuta kiti, akakaa, akajifunga khanga vizuri kama mtu mwenye nafasi.

"Mohamedi," alisema, "mfungulie mwenzangu mlango."

Mohamedi akafungua.

Paka aliruka juu ya meza. Akaipita picha ya Mohamedi, samaki changu mnene aliyepakwa wino wa chupa, bila hata kuinusa. Akafika kwa ngisi, akainamisha kichwa, akaanza kulamba kivuli.