Mtunza Tangi

Kiwandani, tangi la gundi liliufuata mwili wa Shekue. Akipandwa na hasira au akiingiwa na simanzi, joto la tangi nalo lilipanda, na likizidi mno tangi lingelipuka na kuteketeza mtaa mzima. Ndiyo maana sheria ilikataza kumpa mtunza tangi habari mbaya kabla mpiko wa gundi haujaiva.

Mchana alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Mwajabu, akitabasamu mlangoni kama walivyofundishwa wake wote wa watunza tangi. Uani, kigodoro cha mtoto kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa.

"Mwanahawa homa imeshuka?"

"Imeshuka, baba Mwanahawa. Yuko kwa bibi yake. Karibu chakula."

Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Shekue akaelewa. Akavuta pumzi taratibu kama alivyozoezwa, akanawa mikono, akala. Kitaa kilichopandikizwa mkononi mwake, cha kuonyesha joto la tangi, kikabaki kijani.

Jioni mpiko ukaiva, na msiba ukaruhusiwa. Mwajabu akamwangukia kifuani akipiga mayowe. Shekue akayangoja machozi yake mwenyewe, akayangoja sana, na pumzi zikaendelea kuja taratibu, vilevile.