Ukurasa wa Kwanza

Sikitu alikuja kumpongeza jirani yake Hidaya kwa kupata kazi waliyoifanyia usaili wote wawili. Alileta bakuli la vitumbua na kijitabu cha mazoezi alichokuwa ameazimwa na Hidaya.

"Mtihani ulinishinda, mwenzangu," alisema. "Unasoma habari fupi, kisha unajibu kama sentensi ni kweli, si kweli, au haijulikani. Mimi nikajibu kwa ninavyoijua dunia. Kumbe unatakiwa ushike yaliyoandikwa pale tu. Wewe ulijuaje?"

"Nilibahatisha," alisema Hidaya.

Kanuni hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Hidaya alikuwa ameuchana mwenyewe kabla ya kukiazimisha kijitabu.

Sikitu akakifungua, akagusa mabaki ya ukurasa ule. "Na hapa utusamehe. Ni huyu binti yangu. Alikataa kutwa nzima, mpaka nilipomchapa ndipo akakubali. Ingia, mwanangu, umwombe radhi mama mdogo."

Mtoto akaingia, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama mdogo. Nisamehe."

Akanyoosha mkono. Hidaya alikuwa na kitumbua mdomoni, hakijamezeka, na mkono ule mdogo ulikuwa bado unamsubiri.