Hewa ya Chini ya Sakafu

Mwaka mzima Mkamburi alipekua mifuko ya mumewe akitafuta sigara. Mapafu ya Mwakio yalikuwa yameharibika, na mkewe hakuamini kiapo chake kwamba hajawahi kuvuta hata moja.

Asubuhi hiyo fundi wa vipimo alirudi kusoma kifaa alichokuwa amekiacha chumbani mwao.

“Mama, kuna gesi ya radoni humu. Inatoka kwenye mwamba na kupenya nyufa za sakafu. Haionekani, haina harufu.”

“Inaharibu mapafu?”

“Hata ya asiyevuta sigara. Mkiziba nyufa na kuweka bomba la kuitoa nje, itapungua.”

“Na aliyekwisha kuugua?”

Fundi aliinamisha kichwa, akaanza kufungasha vyombo vyake.

Mkamburi akaingia chumbani. Mwakio alikuwa amesikia yote. Mkamburi alitaka kumwomba radhi, lakini mumewe alimtangulia.

“Anzeni na chumba cha watoto,” Mwakio alisema kwa shida.

Mkamburi akapiga magoti kando ya kitanda, akaufunika ufa wa sakafuni kwa viganja vyote viwili. Ufa uliendelea mbele ya vidole vyake, ukapita chini ya ukuta kuelekea chumba cha watoto.