Uvundo wa Kilomita Kumi na Nane

Naapa kwa kipara changu, hakuna neno la uongo hapa. Kama nimeongeza chumvi, ni kidogo tu, ya kukata harufu.

Mkaguzi alitapika mara ya kwanza kwenye kilomita ya pili. Walikuwa wamesimama ili Mzee Pampu apunguze upepo wa tairi za baiskeli yake, maana kwenye mchanga tairi inatakiwa iwe laini. Tss, ikalia valvu. Mkaguzi akainama, na chai yote ya asubuhi ikamwagika juu ya viatu vyake. Alipoinuka, kamasi ilikuwa imemning'inia puani kama uzi.

"Kuna nini kimekufa hapa?"

Kiongozi wake wa njia alinusa, akaziba pua. Dada huyu aliitwa Jembe kwa sababu njia nzima ya baiskeli, kutoka ufukweni, kupita mashambani, mpaka mgongo wa kilima, aliichimba mwenyewe kwa miaka miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli. Mkaguzi akitia saini, njia itafunguliwa na yeye atapata kazi ya kuongoza wageni. Akikataa, inafungwa kwa mnyororo leo hii.

"Sijui, bosi. Jana hapa palikuwa safi kabisa."

"Mwani huo," akadakia Mzee Pampu. "Ukioza, choo cha stesheni kina nafuu."

Huyu Mzee Pampu alikuwa mstaafu, mtanashati, mwenye akili nyingi za kuzaliwa nazo, ingawa watu walichelewa kuzitambua. Alifuata nyuma na baiskeli yake kuukuu, pampu begani. Kila waliposimama, alikimbilia tairi za baiskeli aliyoazimwa mkaguzi. Hakuna aliyemtuma.

Wakaingia mashambani. Udongo ukawa mgumu, kwa hiyo Mzee Pampu akataka tairi ijae. Akafungua valvu, akachomeka pampu. Harufu ikapanda tena, nzito, yenye utelezi: yai viza, kidonda kilichofungwa wiki nzima, soksi ya marehemu. Nzi wakaja, wakatua magotini kwa mkaguzi kama wamealikwa.

Kando ya njia, mama mmoja alikuwa akipalilia kabichi. Mkaguzi akamgeukia, leso mdomoni.

"Mama, mnamwagia nini kabichi zenu?"

"Maji," akajibu yule mama. Akanusa mara mbili, akarudi nyuma hatua tatu. "Na wewe mwenzangu, unamwagia nini nguo zako?"

"Mbolea hiyo!" Mzee Pampu akapaza sauti. "Wakulima hawasemi ukweli hata siku moja. Twende, twende."

Walipofika mgongoni mwa kilima hapakuwa na mwani wala kabichi. Kulikuwa na nyasi fupi, anga, na upepo msafi. Mkaguzi alivuta pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jembe naye akathubutu kutabasamu.

Mzee Pampu akachuchumaa.

"Baba, ziache hizo tairi," Jembe akasema.

"Nabonyeza kidogo tu. Mteremko huu una mawe."

Tss.

Safari hii mkaguzi alitoa nyongo tupu, ya kijani. Akajinusa kwapa la kulia, akajinusa la kushoto, kisha akatoa fomu mkobani.

"Mbuzi hao," akasema Mzee Pampu.

"Mbuzi wako wapi?"

"Wako upande wa pili."

Mkaguzi hakumtazama. Akaandika kwa herufi kubwa: NJIA INANUKA MZOGA MWANZO MPAKA MWISHO. IFUNGWE.

"Bosi, nipe nusu saa," Jembe akasema. "Nitautafuta huo mzoga. Hata kwa meno nitautoa."

"Dada, mimi nataka kufika chini nikaoge. Saini nitaweka huko."

Akashuka mteremko kwa kasi, mdomo wazi, maana pua alikuwa amekwisha kuikataa. Kwenye kona ya tatu, jiwe lenye ncha likachana tairi ya mbele.

Haikulia pancha ya kawaida. Ilikohoa. Kitu cheupe chenye umanjano, chenye mabonge na nyuzi za kuvutika, kiliruka, kikampata mkaguzi kuanzia kidevuni hadi kwenye nyusi. Kingine kikaingia palipokuwa wazi.

Jembe akaitupa baiskeli yake, akamkimbilia. Akampangusa shavu kwa kidole, akanusa kidole, akafumba macho.

"Maziwa," akasema.

Mkaguzi alichokonoa ulimini, akatoa kipande cha ganda. "Na mayai."

Jembe akageuka polepole. "Nilikwambia utie dawa ya pancha. Ile ya chupa."

"Ya chupa nyepesi mno," akajitetea Mzee Pampu. "Maziwa yakiganda yanaziba tundu lolote. Mayai ni ya kushikia."

"Ulitia lini?"

"Si muda mrefu. Mwezi jana. Mwanzoni mwanzoni."

Tairi ikatoa kiputo cha mwisho, kikapasuka. Mkaguzi alitema mate, akatema tena, akaufuta mkono wake kwenye nyasi. Akaichukua fomu, akakata mstari alioandika, akaandika mwingine: NJIA NI SAFI. IFUNGULIWE. Akatia saini hapo hapo, na bonge moja likadondoka kwenye tarehe.

"Na huyu mzee," akauliza, "umemtoa wapi?"

"Sijamtoa popote, bosi," akasema Jembe. "Ndiye aliyenizaa."

Rimu moja ina matundu thelathini na mawili ya spoki, na yote yamezibwa na maziwa yaliyoganda. Nimefika la kumi na tisa, na mswaki ambao mwanangu ameuleta kutoka bafuni, akaniambia nisugulie, ni wangu.