Kipande Kisichonasa

Kipande cha bluu kilidondoka katikati ya skrini kwa mara ya kumi na tisa.

"Tena," dada yake alisema.

Mdogo wake, fundi wa programu, alikirudia kipande kwa kipanya. Tangu kiharusi kimwangushe, mkono wa kulia ulikuwa mzigo wa kubebwa tu. Wa kushoto ulitetemeka, na kila alipoburuta kipande kwa kipanya, kidole kiliachia njiani. Kazi yenyewe ilikuwa kunasisha vipande vya rangi, kimoja kwa kingine, hadi viwe maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Kesho saa nne wakubwa wa ofisi wangekaa nyuma yake wamtazame. Akishindwa, kazi basi. Alilijua hilo na hakuhisi kitu.

"Dawa ya mchana umekunywa?"

"Limefungwa."

Dada alishazoea. Kwa mdogo wake huyu, kila jambo lililokwisha lilikuwa "limefungwa", hata ndoa yake. Lugha ya ofisini hiyo.

Akajaribu kibodi. Vitufe vya mishale vilimfikisha kwenye kipande vizuri tu. Alipotaka kukinasisha, kikagoma kama punda. Akabonyeza vitufe vyote anavyovijua, kimoja kimoja, kwa kidole kimoja. Bila kipanya hakikunasa.

"Haiwezekani ukawa wa kwanza," dada alisema, akaivuta kompyuta upande wake.

Alifungua ukurasa wa malalamiko wa programu hiyo, akatafuta. Hakukawia. Miaka mitatu nyuma, mwalimu mmoja alikuwa ameandika kwamba wanafunzi wake wanne hawana nguvu mikononi. Kibodi wanaiweza, kipanya hawakiwezi. Aliomba kitufe kimoja tu cha kunasisha. Aliomba mara tatu.

Dada akasoma jibu kwa sauti. "Hii si hitilafu. Kila mtu ana kipanya."

Akasonya. "Hujafa hujaumbika, na huyu bwana hajaambiwa. Kitufe kimoja tu. Ningemjua, ningemwendea hukohuko kwake."

"Soma mpaka mwisho, dada," fundi alisema. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, uliolala juu ya paja.

Dada akashusha ukurasa. Lilibaki neno moja, "Limefungwa", na chini yake jina la aliyejibu. Ni jina ambalo dada mwenyewe alilichagua, akiwa na miaka saba, siku mama yao alipomleta mdogo wake nyumbani.